Gasketi Iliyolala Kifudifudi

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Gasketi kuukuu, kile kipande chembamba cha kuziba maungio ya injini, ilikuwa na matundu manane ya boliti, na moja kati ya hayo manane lilikuwa pana kidogo kuliko mengine. Pana kwa unywele tu. Alilipapasa kwa ncha ya kidole, akarudia, kisha akatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota siri njiani. Hakumwambia mtu. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote pale gereji: kutomwambia mtu.

Msichana huyo alikuwa na miaka ishirini na miwili, na sauti isiyozidi miaka sita. Shule aliiacha darasa la tano, na inasemekana mwalimu aliendelea kuliita jina lake muhula mzima bila kujua kuwa ameshaondoka, maana hata alipokuwepo hakuwa akiitika. Pale gereji fundi wa pili, mwanamume wa makamo aliyeitwa Chelewa kwa sababu ambazo kila asubuhi alizithibitisha mwenyewe, alimbatiza jina la Redio. “Redio yetu nzuri sana,” alikuwa akiwaambia wateja. “Haili betri, haina kelele. Kasoro yake moja tu, haisemi.” Naye Redio alicheka kama wengine, tena kimyakimya, akaendelea kusugua kabureta.

Gereji ilikuwa ya mjomba wake, kaka wa mama yake. Mjomba hakutengeneza pikipiki za jana na juzi. Alitengeneza za Kijapani za zamani, zile zilizotoka kiwandani wakati yeye mwenyewe hajaota ndevu. Watu walimletea kutoka mbali, nyingine zikisukumwa, nyingine juu ya mikokoteni, na moja iliwahi kuja ndani ya magunia mawili na mwenyewe akauliza kama itakuwa tayari Jumamosi. Viwanda vilivyozizaa vilishazisahau. Lakini huko duniani walikuwepo watu waliokuwa bado wanazitengenezea vipuri vipya: ringi, sili, kebo, mipira ya kabureta, gasketi. Vilikuja katika vifurushi vidogo vyenye namba ndefu kama sala.

Shida ni kwamba kipuri kipya ni kama shemeji mpya. Kwa sura anafanana na mnaowajua, anakaa palepale walipokaa wengine, lakini tabia yake hamuijui mpaka mkae naye nyumba moja. Kwa hiyo Mjomba aliweka sheria: kipuri cha zamani hakiondoki mezani kabla hakijachorwa. Zamani alichora mwenyewe. Siku hizi macho yake yaliona mteja akikata kona kule mwisho wa mtaa, lakini hayakuona maandishi ya kwenye pakiti aliyoishika mkononi. Alipoambiwa habari za miwani alijibu kwamba miwani ni ya walimu.

Basi mchoraji akawa mpwa wake. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Alilaza kipuri juu ya ukurasa, akakizungushia kalamu, akanakili namba zake tarakimu moja moja kama mtu anayechora wadudu. Halafu, pembeni ya kila mchoro, alichora jicho. Jicho lilikuwa na maana moja: upande huu ndio unaotazama juu. Kipuri kipya kilipofika, Mjomba alikilaza juu ya mchoro, akapapasa kingo kwa vidole gumba, akauliza, “Jicho lipo?” Naye akaitikia kwa kichwa. Mjomba akafunga. Kwa miaka minne macho ya daftari lile ndiyo yalikuwa macho ya Mjomba, na hayakuwahi kumdanganya.

Alhamisi moja asubuhi alikuja Mkunga kuchukua pikipiki yake.

Mkunga alikuwa amestaafu, lakini mdomo wake haukupewa barua ya kustaafu. Pikipiki ile aliiendesha kazini miaka thelathini, usiku na mchana, akiwawahi wanawake waliokuwa hawangoji. Sasa alitaka kwenda nayo kwa dada yake, kilomita mia mbili, peke yake. Wanawe walipiga kelele. Akawaambia kwamba yeye ndiye aliyewazaa wao, si wao waliomzaa yeye.

“Shikamoo, Bibi,” msichana alimwamkia kwa sauti ya mtu aliye ndani ya kabati.

“Marahaba, mama. Wamekupa chakula leo? Mbona sauti imebaki nyumbani?” Kisha akaizunguka pikipiki yake, mikono kiunoni. “Ehe, Fundi. Niambie umebakiza nini cha zamani humu.”

“Ringi mpya,” Mjomba alihesabu kwa vidole. “Sili mpya, kebo mpya, mnyororo, gasketi zote mpya. Cha zamani ni tangi na honi.”

“Na mwenyewe. Mimi nina meno mapya na goti jipya, lakini ukaidi ni uleule wa tangu niko msichana. Sasa nani kakutafutia vyote hivi? Maana wewe hata mimi hapa sijui kama unaniona.”

Hapo ndipo Mjomba alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alilichukua daftari mezani, akaliinua juu kama mtu anayeonyesha mtoto aliyezaliwa.

“Huyu,” alisema, akimwelekezea kidevu mpwa wake. “Huyu hapa. Vipuri kumi na tisa, vyote amevichora, vyote amevitafuta kwa simu, na hakuna hata kimoja kilichorudishwa. Mashine yako nimeifunga kwa michoro yake. Na nikwambie kitu, Bibi, leo nasema mbele yako uwe shahidi. Mashine ijayo itakayoingia humu, ataifunga yeye.”

Pale gereji, kusafisha si ufundi, na kuchora si ufundi. Ufundi ni kufunga mashine: kuichukua ikiwa vipande na kuirudisha ikiwa moja, ukakaza boliti ya mwisho mwenyewe. Miaka minne alikuwa amelitamani hilo neno kuliko alivyotamani usingizi, na hakuwahi kuliomba hata mara moja. Sasa lilimwangukia kichwani kama embe la bure, naye, kama ilivyo desturi yake, hakujua afanye nini na mikono.

“Redio imepandishwa cheo!” Chelewa alipiga makofi. “Kesho itaanza kutangaza mpira.”

Msichana akatafuta kitu cha kushika. Gasketi kuukuu ya chini ya silinda ilikuwa bado mezani. Akaiokota aende kuitundika kwenye msumari wake. Na kwa kuwa macho ya watu yalikuwa bado mgongoni kwake, akajifanya anaikagua. Huo ndio ujanja wake wa siku zote: ukiona haya, kagua kitu.

Safari hii kitu kilimkagua yeye.

Upande mmoja wa gasketi ulikuwa na mistari ya gundi nyekundu iliyokauka. Injini hii Mjomba aliwahi kuifungua mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, na Mjomba gundi huipaka upande wa juu tu, hajawahi kupaka chini. Kwa hiyo upande wa gundi ndio wa juu. Upande wa pili, uliolowa mafuta meusi, ndio wa chini. Hilo hata mtoto angeelewa.

Ila siku ya kuchora, yeye alikuwa na ukurasa mweupe, mpya, wa kwanza baada ya kurasa nyingi zilizochafuka. Akaona uchungu kuuchafua. Akailaza gasketi upande mkavu ukiwa chini, yaani kifudifudi, ule wa mafuta ukitazama dari. Akachora. Akanakili namba. Na mwisho, kwa mkono mtulivu na moyo uliojaa kujipenda, akachora jicho zuri lenye kope.

Gasketi ile ilikuwa kama kipepeo aliyekunjua mabawa, kulia sawasawa na kushoto, kwa sababu pikipiki ya Mkunga ilikuwa na pistoni mbili zilizokaa bega kwa bega. Ukiigeuza, inakaa vilevile bila kulalamika. Tofauti ni lile tundu moja pana. Mafuta hupanda hapo, pembeni ya boliti, kwenda kulainisha shafti ya juu inayofungua vali. Ukiigeuza gasketi, tundu pana linakwenda upande usio na kazi, na kwenye njia ya mafuta linakaa tundu jembamba, na kule juu kunakauka kama koo la mlevi asubuhi. Pikipiki itawaka. Itanguruma vizuri. Itakwenda kilomita thelathini, pengine hamsini, halafu shafti itajila yenyewe. Na vipuri vipya vya kila kitu walivipata isipokuwa shafti hiyo. Hakuna aliyekuwa akiitengeneza tena popote.

Mjomba hakuona. Angeonaje? Alipapasa kingo, akauliza kama jicho lipo, na yeye akaitikia kwa kichwa, tena mara mbili.

“Haya,” Mjomba alisema nyuma yake. “Chelewa, tia petroli. Bibi apige kiki aondoke kabla jua halijapanda.”

Aseme. Ndiyo kazi iliyobaki, kusema. Maneno yenyewe alikuwa nayo, manne tu: gasketi imegeuka, msiiwashe, nimekosea. Akafungua mdomo. Ukatoka upepo kidogo, ule wa mtu anayepuliza chai. Akaufunga. Akajiambia atasema Chelewa akimaliza kumimina. Chelewa alipomaliza, akajiambia atasema akifunga kifuniko. Kifuniko kikafungwa. Laiti uoga ungekuwa ufundi, angekuwa amefungua gereji tatu.

Wote walikuwa wamegeuka kumsaidia Mkunga kuvaa kofia ngumu. Ufunguo ulikuwa kwenye pikipiki. Na mkono wake, ule ule uliochora jicho lenye kope, ukatoka bila kuomba ruhusa, ukauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwa ovaroli.

“Ufunguo uko wapi?” Mkunga aliuliza, mguu mmoja tayari juu ya kiki.

“Upo hapo,” alisema Mjomba.

“Hapo kuna tundu tu.”

“Chelewa?”

“Mimi? Mimi nina petroli mikononi. Nimeuona hapa sasa hivi kwa macho haya mawili!”

Wakaanza kuutafuta. Na hapa aibu yake ilifika mahali ambapo hata yeye hakuwa amewahi kuifikisha, kwa sababu alitafuta nao. Alitafuta kuliko wote. Alipiga magoti chini ya meza. Alichungulia kwenye mtaro. Aliondoa makopo ya boliti rafuni moja moja, akayapanga upya kwa ukubwa, akayarudisha. Akainua hata zulia la mlangoni, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alishangaa kweli kutoukuta. Ufunguo ulikuwa ukimgonga pajani kila alipoinama, ngwe, ngwe, kama mtoto anayetaka kushtaki.

“Huyu binti ana moyo,” Mkunga alisema kwa sauti. “Mtazame anavyohangaika.”

Mjomba alikuwa ameinama akipapasa sakafu kwa viganja, shavu karibu liguse saruji, akiutafuta ufunguo kwa vidole kwa sababu kwa macho asingeuona. Akapapasa boliti moja, akaiinua karibu na pua, akaiweka chini. Akaendelea.

Hilo lilimchoma msichana kuliko makofi ya Chelewa. Alisimama katikati ya gereji, na zulia mkononi.

Mkunga akaivua kofia, akakaa juu ya kiti cha pikipiki kama mtu aliyeko barazani kwake. “Mimi sina haraka,” alisema. “Vitu hujitokeza. Nilikuwa nikiwaambia wasichana wangu kule wodini: niambie kinachouma na kinauma wapi, hata kama ni aibu. Wapo waliokuwa wanabana miguu kwa haya, wanajibu hawana kitu, na huku mtoto anakuja. Mficha uchi hazai.”

Hakuwa akimtazama msichana. Alikuwa akiupangusa mkono wa pikipiki yake kwa pindo la nguo.

“Imegeuka,” msichana alisema.

Hakuna aliyesikia.

“Imegeuka,” akasema tena.

“Redio imekoroma,” Chelewa alisema akiwa chini ya rafu. “Au ni panya?”

“Gasketi!” Na safari hii sauti ilitoka yote kwa mara moja, miaka yote ishirini na miwili, mpaka Chelewa akagonga kichwa kwenye rafu. “Gasketi imelala kifudifudi! Ya chini ya silinda. Msiiwashe. Mafuta hayatapanda. Nilikosea mimi, nilichora jicho upande siyo, sikutaka kuchafua karatasi. Na ufunguo ninao mimi.”

Akautoa mfukoni.

“Tumetafuta dakika ishirini,” Chelewa alisema polepole, akijisugua utosi. “Ameinua na zulia.”

“Nisamehe, Kaka.”

“Akatikisa na debe la taka!”

Mkunga alianza kucheka. Alicheka kwanza kwa mabega, kisha kwa tumbo, mpaka akashika tangi asianguke. Mjomba hakucheka. Aliichukua gasketi kuukuu, akalisogeza daftari mlangoni kwenye mwanga, akailaza na gundi juu. Akapapasa tundu pana kwa kidole. Akapapasa mahali kwenye mchoro. Akaigeuza, akapapasa tena.

“Ningeenda nayo mpaka wapi?” Mkunga aliuliza, kicheko kimemwisha.

“Nusu ya njia,” alisema Mjomba. “Pengine isifike. Halafu isingerudi tena maishani.” Akaitikisa gasketi kidogo. “Na mimi nilikuwa nayo hii mikononi. Niliishika. Tundu lenyewe nililishika.”

“Mimi ndiye niliyekuambia jicho lipo,” msichana alisema.

“Najua uliniambia.”

Ikabidi mashine ifunguliwe. Injini ikashushwa juu ya meza, kichwa kikatolewa, silinda ikanyanyuliwa, na ile gasketi mpya ikatoka vipande vipande kwa sababu gundi ilikuwa imeshaishika. Na kweli, ilikuwa imelala kifudifudi, tundu pana likitazama upande usio na kazi, limetulia kabisa, halina habari.

“Haya,” Chelewa alisema. “Sasa tungoje mwezi mzima nyingine ije.”

Msichana akaenda kwenye kabati, akarudi na pakiti. Muuzaji wa vipuri alikuwa amemuuliza kwenye simu kama anataka mbili, yeye akaona haya kusema hapana. Mbili zikaja. Moja alikuwa ameificha nyuma ya makopo ya rangi asiulizwe.

“Kwa hiyo,” Chelewa alisema, akihesabu kwa vidole, “ametuponza kwa kunyamaza na kutuokoa kwa kunyamaza. Mimi nimechoka. Naenda kunywa chai.”

Mjomba aliifungua pakiti. Alikaa kitambo akiigeuza gasketi mpya huku na huku. Alipozungumza hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

“Ile mashine niliyosema utaifunga, mwanangu. Ile ijayo. Nadhani tungoje kidogo. Mwaka huu uendelee kuchora. Mwakani tutazungumza.”

Mjomba alikuwa na haki. Hata msichana mwenyewe aliona hivyo. Kichwa chake, chenye uzoefu wa miaka mingi, kilishaanza kuinama kuitikia: ndiyo, Mjomba, sawa, Mjomba, na kwa kweli ingekuwa rahisi, kwa sababu aibu aliyoipata asubuhi ile ingemtosha kujifunika mpaka mwakani. Aliitazama injini iliyofunguka juu ya meza, pistoni mbili zikimeta kwa mafuta mapya. Alijua kila kitu kilichokuwa humo. Alivichora vyote, na sasa alijua hata kile alichokichora vibaya, na pengine hicho ndicho alichokijua kuliko vingine.

Kichwa kikakataa kuinama. Akanyoosha mkono, akaichukua gasketi vidoleni mwa Mjomba, akaishika mbele ya macho yake na kulitafuta tundu pana mpaka akaliona.

“Sitaki ijayo, Mjomba,” alisema. “Nataka hii. Tangu siku ya kwanza niliyoingia humu nilitaka kufunga mashine, sikuwahi kusema. Nasema sasa.”